Mkaguzi Aingie Hadi Bwenini



Mada niliyopewa ni usimamizi wa serikali juu ya watu na taasisi zinazowahudumia wasioweza kujitetea. Humo wamo wenye makao ya watoto, vituo vya kulelea watoto mchana, makazi ya wazee, mabweni ya watoto wenye ulemavu, waganga wa tiba asili, na mawakala wanaowatafutia mabinti kazi za ndani mijini. Sitaweza kuwatendea haki wote. Nitakaa zaidi kwenye makao na mabweni, maana huko ndiko mtu asiye na nguvu analala, na usiku ni mrefu kwa asiye na wa kumwita.

Nianzie kwenye njia ya misafara. Kabla ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912, pembe, vitambaa na shanga vilisafiri kati ya Unyanyembe na Bagamoyo juu ya mabega ya watu, na wengi wa watu hao walikuwa Wanyamwezi. Ilikuwa kazi ya heshima yenye kanuni zake. Palikuwa na kirongozi, palikuwa na wanyampara, palikuwa na posho iliyojulikana na mzigo uliojulikana. Mpagazi aliyeona anadhulumiwa aliweza kutua mzigo akaondoka, na wenzake wakamfuata, msafara mzima ukasimama porini. Matajiri wa misafara waliliogopa jambo hilo, na hofu hiyo ndiyo iliyomlinda mpagazi mzima wa afya. Lakini aliyeshikwa na ndui au kuhara damu katikati ya Mgunda Mkali, lile pori refu lililotenga Ugogo na Unyamwezi, hakuwa na miguu ya kuondokea. Tajiri mwema alimwachia chakula na mtu wa kumwangalia. Tajiri mbaya alimwacha kando ya njia. Kuishi kwake au kufa kwake kulitegemea tabia ya mtu mmoja.

Hapo ndipo ninapopata maana ya unyonge ninayoitumia leo. Mnyonge ni yule asiyeweza kutua mzigo akaondoka. Mteja akipunjwa dukani anahamia duka la jirani, na mwenye duka anajirekebisha au anafilisika. Mtoto wa miaka 6 aliye bwenini hawezi kuhama. Bibi kizee aliye kitandani hawezi kuhama. Wale wanaotuambia kwamba ushindani utazirekebisha huduma zote hawajamfikiria mtu asiyeweza kutoka mlangoni kwa miguu yake. Kwa huyo, kinachobaki ni jicho la serikali.

Upagazi ulipokwisha, walikuja mawakala wa mashamba ya mkonge. Vijana wa Tabora na Kigoma waliandikishwa kwa namba, wakapelekwa mashambani Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba. Mwaka 1926 serikali ya Waingereza ya Tanganyika ilianzisha Idara ya Kazi chini ya Meja Granville Orde-Browne. Maofisa wake walikagua makambi, wakatazama mikataba, chakula na matibabu, wakaweka vituo njiani ambako vijana wa mkataba wangeweza kula na kulala. Sisemi ilikuwa serikali ya huruma. Ilitaka nguvukazi isife kabla ya kufika shambani. Hata hivyo, mtu aliyetoka huku kwetu akiwa amefungwa na mkataba alikuwa na ofisi ambayo kazi yake ilikuwa kumtazama yeye.

Miaka 5 baadaye, mwaka 1931, uchumi wa dunia ukiwa umeanguka, idara hiyo ilifutwa. Kazi zake walipewa mabwana shauri, walewale waliokuwa na jukumu la kukusanya kodi, na kodi ndiyo iliyomsukuma kijana aende mkongeni. Idara ilirudishwa kabla muongo huo haujaisha, ila mimi hilo pengo la katikati ndilo linalonisumbua. Fedha zilipopungua, mkaguzi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuondolewa, na kazi yake akapewa mtu ambaye maslahi yake yalikuwa upande mwingine. Mambo haya mawili tunaishi nayo mpaka leo, na sehemu kubwa ya nitakayosema inatoka hapo.

Sasa tuje karibu. Agosti 2014, ndani ya wilaya hii ya Igunga, msichana wa miaka 15 mwenye ualbino alivamiwa na kukatwa mkono. Mwezi huohuo, katika kijiji kingine cha wilaya hii hii, mama mwenye ualbino naye alikatwa mkono, na mumewe akauawa katika shambulio hilo. Sitataja majina yao. Wengi humu mnawajua, na wana haki ya kutogeuzwa mfano kila Igunga inapotajwa. Nayataja matukio yenyewe kwa sababu ya jambo moja yaliyolipa nguvu. Tangu mauaji ya watu wenye ualbino yalipoanza kushamiri Kanda ya Ziwa na magharibi, kuanzia mwaka 2007 hivi, serikali ilikuwa ikiwakusanya watoto kwenye shule na vituo vyenye ulinzi: Buhangija mjini Shinyanga, Mitindo wilayani Misungwi, Kabanga wilayani Kasulu. Baada ya Agosti ile, nani angembishia mzazi wa Igunga aliyetaka mwanawe apelekwe huko?

Ulikuwa uamuzi sahihi kwa usiku ule. Panga lilikuwa nje, mtoto akawekwa ndani. Lakini usiku ule uligeuka miaka. Buhangija, iliyokuwa shule ya watoto wasioona, ikapokea watoto wengi kuliko ilivyoweza kuwahudumia. Wakalala wawili na zaidi kitanda kimoja. Wapo walioletwa wakiwa wadogo mno kuweza kukumbuka sura ya mama. Wageni walikuja na zawadi, wakapiga picha, wakaondoka. Na mwezi Novemba 2022 bweni moja pale Buhangija lilishika moto, watoto watatu wakafa.

Miaka miwili kabla yake, Septemba 2020, bweni la shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu wilayani Kyerwa, Kagera, lilikuwa limeungua na kuua watoto 10. Ile ilikuwa shule ya binafsi. Shule ya binafsi ikiungua, maswali huwa tayari mdomoni: imesajiliwa? Bweni lina kibali? Milango ya dharura ni mingapi? Madirisha yana nondo? Nani alikuwa zamu? Ni maswali mazuri na yaulizwe bila kuona haya. Buhangija ni mali ya serikali. Maswali hayohayo yakiulizwa kule, anayeuliza na anayejibu ni ndugu wa ofisi moja. Simtuhumu mtu yeyote kwa moto ule. Ninachosema ni kwamba mtoto aliyechukuliwa kutoka kijijini ili serikali imlinde anastahili kukaguliwa mazingira yake kwa ukali uleule, na pengine zaidi, maana mzazi alimkabidhi kwa dola yenyewe.

Na hili ndilo neno langu leo, ndugu zangu. Usimamizi unaowatazama wengine na kuiacha serikali yenyewe haujawa usimamizi. Na ukaguzi unaoishia ofisini, kwenye cheti kilichotundikwa ukutani, haujamfikia mtoto.

Sheria tunazo, na ni nzuri. Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Kanuni za Makao ya Watoto za mwaka 2012 zinaeleza namna ya kuyaendesha na kuyakagua. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vina kanuni zao za mwaka 2014. Watu wenye ulemavu wana sheria yao, Namba 9 ya mwaka 2010. Wazee wana sera yao tangu mwaka 2003. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliye ndani ya eneo lake. Lisikilizeni vizuri hilo neno, eneo lake. Mtoto aliye kwenye makao ya kanisa, ya msikiti, ya mfadhili kutoka Ulaya au ya mama mwenye moyo mwema kule Ziba au Choma ni mtoto wa Halmashauri ya Igunga. Mwenye makao amepewa kazi ya kumlea. Wajibu wa halmashauri haukuondoka mtoto alipopita mlangoni.

Basi tumtazame mtu anayebeba wajibu huo, Afisa Ustawi wa Jamii. Nimewafundisha wengi wa maafisa hawa na ninawaheshimu. Wilaya hii ilihesabiwa watu 399,727 mwaka 2012, na sasa imepita nusu milioni. Ina kata zaidi ya 30, kutoka mbuga za Wembere mpaka Igurubi, na masika njia nyingine hazipitiki. Lengo la serikali ni kila kata iwe na afisa wake, nasi sote tunajua tuko mbali na lengo hilo. Afisa huyohuyo anashughulikia matunzo ya watoto wa ndoa zilizovunjika, msamaha wa matibabu kwa wazee, kesi za watoto mahakamani, ukatili, majanga, na ugeni wa viongozi. Ukaguzi wa makao unapata siku inayobaki, na mara nyingi haibaki.

Uchache wao unasemwa sana. Kuna jambo lingine lisilosemwa, nalo naliona zito zaidi. Saa 3 usiku polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto wanampigia simu afisa: ameokotwa mtoto stendi, hana ndugu. Afisa hana nyumba ya serikali ya kumlaza, hana fedha ya maziwa. Anampigia mwenye makao, na mwenye makao anasema, mlete. Mwezi unaofuata wanampigia tena, na tena anasema mlete. Mwezi wa sita afisa yuleyule anatakiwa akaingie makao yale na kuandika kwamba vyoo havifai, watoto wamezidi idadi, mlezi wa usiku hana mafunzo, na leseni isitishwe. Ataandikaje? Akiyafunga makao, mtoto wa kesho usiku atampeleka wapi? Mara nyingine hata gari alilokwenda nalo kukagua ni la mwenye makao, na chakula cha mchana amekula pale. Hajapokea rushwa. Ni mtu mwaminifu aliyewekwa mahali ambapo uaminifu wake hauna pa kusimama, kama yule bwana shauri wa 1931 aliyepewa kazi mbili zinazovutana.

Kwa hiyo, anayempeleka mtoto makaoni asiwe ndiye anayeyakagua makao hayo. Maafisa wa Igunga wakague Nzega, wa Nzega wakague Igunga, wa Uyui waende Sikonge. Hili halihitaji sheria mpya. Linahitaji barua ya mkoa na mafuta ya gari. Na pawepo mahali pa muda pa kumlaza mtoto kwa siku chache, hata familia za walezi walioandaliwa, kama sheria inavyoruhusu malezi ya kambo, ili afisa asiwe mateka wa kitanda cha mtu.

Kuna kufuli lingine linalomfungia mkaguzi mlango, nalo ni shukrani. Mkoa huu umelelewa na watu wa dini. Hospitali ya Nkinga, inayotuhudumia mpaka leo, ina mizizi kwa Wapentekoste wa Sweden. Shule ya viziwi ya Tabora, ya kwanza nchini, ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Turudi nyuma zaidi, miaka ya 1880, Wamisionari wa Afrika walikuwa na kituo Kipalapala, jirani na Tabora, cha watoto waliokombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa utumwa. Watu hawa walikuja pale ambapo hapakuwa na mtu mwingine. Nani atamkagua aliyemwokoa mtoto kutoka kwenye minyororo? Nani ataanza kumuuliza sista mzee, aliyezeeka akiwaosha watoto wetu, kama ana daftari la dawa? Unaona haya. Nimewahi kusimama kwenye mlango wa bweni moja, mlezi akaniambia kwa upole watoto wamelala, tusiwasumbue, nami nikajua ilikuwa saa 10 jioni na nikasikia sauti zao ndani. Mtu mwema anaweza kuwa na bweni baya. Mtu mwema anaweza kuajiri mlinzi mbaya asijue. Ukaguzi unamsaidia yeye kwanza, kwa kuwa mhalifu anayewatafuta watoto huitafuta nyumba ya mtu mwema anayeaminiwa na wote.

Tusijidanganye kwamba hayo ni mambo ya nchi za wenzetu. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kati ya vijana wa miaka 13 hadi 24, karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Haya yanatokea nyumbani, njiani, shuleni. Hakuna sababu ya kuamini kwamba yanaogopa uzio wa makao.

Na sasa swali gumu la kazi yenyewe: mkaguzi akishaingia, anamsikilizaje asiyeweza kusema naye? Chukua bweni la watoto viziwi. Mkaguzi hajui lugha ya alama. Anaitiwa mwalimu wa pale shuleni amtafsirie. Mtoto anaulizwa: je, kuna mtu anakupiga? Na anayetafsiri swali ndiye, pengine, anayepiga. Chukua bibi wa Kitaturu kwenye makazi ya wazee, Kiswahili chake ni cha salamu tu. Chukua kijana mwenye ulemavu wa akili anayejibu ndiyo kwa kila swali, kwa kuwa amejifunza kwamba ndiyo humaliza mambo haraka. Ukaguzi wa aina hii unataka mkalimani anayetoka nje ya kituo. Unataka saa ya kukaa bila kuuliza, kutazama mtoto anamkimbilia nani na anamkwepa nani. Unataka kufika jioni, wakati wa chakula na kulala, na mara nyingine kufika bila taarifa. Kituo kilichoarifiwa kwa barua wiki mbili kabla kitakuwa kimefua mashuka, na wewe utakuwa umekagua mashuka.

Mlango wa bweni uwe na namba 116, ile simu ya bure ya huduma kwa mtoto, imeandikwa chini, usawa wa macho ya mtoto. Na awepo mtu ndani anayeruhusiwa kumpa mtoto simu bila kumuuliza anampigia nani.

Kwa wazee nitapita haraka, ingawa hawastahili haraka. Yapo makazi ya serikali: Ipuli hapa Tabora, Kolandoto Shinyanga, Sukamahela Manyoni. Baadhi ya makazi ya namna hii nchini yalianza kama makazi ya wagonjwa wa ukoma, na ile desturi ya kumweka mtu mbali na macho ya mji haijaisha. Sisi watu wa huku tunayo sababu ya pekee ya kuwatazama wazee. Julai 2017, jirani zetu tu hapa Nzega, wanawake watano waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma za uchawi. Bibi anayekimbilia makazi ya wazee kutoka kijiji cha namna hiyo hana pa kurudi akitendewa vibaya. Ni yule mpagazi wa Mgunda Mkali.

Tuhuma hizo zinatuleta kwa mganga. Naye ni mtoa huduma, na katika vijiji vyetu mtu humwendea mfumu kabla ya zahanati. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, tuna Baraza lake, na mganga anatakiwa kusajiliwa. Januari 2009, mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wote. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli, na kufikia Machi polisi walitangaza kuwakamata watu 225. Naielewa hasira ile. Lakini kufuta leseni zote siku moja ni kukiri kwamba hukujua nani ni nani. Mzee anayejua mizizi ya kutibu vidonda aliwekwa kapu moja na anayeagiza kiungo cha binadamu. Wa kwanza alinyamaza, wa pili akahamia kijiji kingine, na baada ya muda tukarudi palepale. Mratibu wa tiba asili wa wilaya anayewajua waganga wake kwa sura na kwa kijiji, anayewatembelea, anayejua nani amehamia kutoka wilaya gani na kwa nini aliondoka huko, angetufaa kuliko matangazo mawili ya namna ile. Mwenyekiti wa kitongoji anamjua mgeni wa siku 3. Hatujawahi kumwomba atupe taarifa hiyo kwa utaratibu unaoeleweka.

Kuhusu mawakala wa wasaidizi wa ndani nitasema moja tu. Binti wa miaka 14 anayepandishwa basi hapo stendi ya Igunga kwenda Dodoma au Dar es Salaam na mama asiye ndugu yake anastahili walau yale aliyopata manamba: jina lake liandikwe mahali, na aliyemchukua ajulikane.

Mtauliza, je, serikali inaweza kweli kujikagua? Inaweza, na imeshafanya. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilianza kuvipima vituo vya afya vya ngazi ya msingi kwa nyota. Timu zilikwenda mpaka zahanati za vijijini, za serikali na za binafsi, kwa dodoso moja. Duru ya kwanza karibu theluthi moja ya vituo havikupata hata nyota moja, na vilivyofika nyota 3 vilikuwa vichache mno. Vingi kati ya hivyo ni vya serikali yenyewe. Ilikuwa aibu, na ilitangazwa. Duru iliyofuata, mwaka 2017/18, vilivyofika nyota 3 vilikaribia kimoja katika kila vitano. Tunajua bado si vingi. Lakini serikali ilijipima kwa kipimo kilekile ilichompimia mwenye kituo binafsi, ikayasema matokeo kwa sauti, na mambo yakasogea. Kwa nini langoni pa makao ya watoto pasiwe na nyota hizo? Kwa nini mama anayempeleka mwanawe kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, akitafuta nafasi ya kwenda shambani au sokoni, asisome alama ya kituo kabla hajamwachia mtoto?

Juu ya hapo tunayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, chombo cha Katiba, chenye sheria yake Namba 7 ya mwaka 2001. Tume hutembelea magereza na mahabusu. Nashauri mabweni na makao yanayoendeshwa na serikali yawe kwenye ratiba ya Tume kila mwaka, na taarifa iende bungeni kwa jina la kituo. Tume haimhitaji mwenye makao usiku wa saa 3. Ina uhuru ambao afisa wetu hana.

Wenzetu wa Kenya wamekwenda hatua nyingine. Mwaka 2017 walisitisha usajili wa makao mapya ya watoto, na kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 wameamua kuelekea kwenye malezi ya familia. Naikubali nia hiyo. Watoto wengi walioko makaoni duniani wana mzazi au ndugu aliye hai, na kilichowapeleka huko ni umaskini. Lakini natahadharisha: makao yakifungwa, ukaguzi hauishi. Mtoto mwenye ualbino anayerudishwa kijijini kwake, au anayelelewa na familia ya kambo, yuko nyuma ya mlango mdogo zaidi, usio na kibao wala mgeni. Wa kumtembelea ni yuleyule afisa asiye na pikipiki.

Ndiyo maana nataka kumalizia kwenye fedha, kwa kuwa mwaka 1931 ulitufundisha mahali ukaguzi unapokufa. Waheshimiwa madiwani, mkiandaa bajeti ijayo, tafuteni mstari wa ukaguzi wa makao, mabweni na vituo vya watoto. Ukiwa umefichwa ndani ya shughuli za ofisi, utoeni ujitegemee, maana kilichofichwa huhamishwa bila mtu kuona. Kisha, kila robo mwaka, Kamati ya Elimu, Afya na Maji iletewe jedwali la ukurasa mmoja: jina la kila kituo ndani ya wilaya, cha serikali na cha binafsi pamoja, watoto au wazee wangapi wanalala humo, tarehe ya mwisho mkaguzi kutoka nje ya wilaya alipoingia, alizungumza na wangapi kati yao faragha, na kilichorekebishwa tangu hapo. Safu ya tarehe ikiwa tupu, diwani wa kata hiyo amuulize Mkurugenzi sababu palepale kikaoni, kabla hamjahamia kwenye ajenda ya pamba.